Anatafutwa Mtu wa Sécurité

Butembo, tarehe 22 mwezi wa tatu 2003

Fiacre mwanangu,

Kama bado unatumia kichwa chako kufikiri, na si kubebea kofia ngumu ya casque tu, kaa chini usome barua hii mara mbili. Kazi imepatikana.

Hapa Butembo kuna kiwanda cha kupasua mbao. Mwezi jana msumeno uliwakata vidole watu wawili katika wiki moja, na wenye kiwanda wameshikwa na hofu. Sasa wanatafuta agent de sécurité, yaani mtu wa usalama kazini: mtu wa kukagua mashine, kuwafundisha watu kuvaa gants za ngozi mikononi, kuandika ripoti, na kuzuia ajali kabla haijatokea. Ni kazi ile ile niliyokufundisha miaka sita mgodini Bambu, mimi nikiwa délégué, mjumbe wa usalama wa wafanyakazi, na wewe ukinifuata nyuma na kalamu sikioni. Waliniomba mimi. Niliwaonyesha goti langu lilivyovimba, nikawapa jina lako.

Mahojiano ni Jumatatu, tarehe 12 mwezi wa tano. Watu watatu watakaa mbele yako, na mmoja wao ni mhandisi asiyejua kucheka. Kazi unaijua, hilo sina wasiwasi nalo. Wasiwasi wangu ni mdomo wako, maana ukiwaona wakubwa unaanza kugugumiza kama mtu aliyemeza mfupa. Kwa hiyo tutafanya mazoezi kwa barua. Nitauliza, utajibu, nitasahihisha kwa kalamu ya bic nyekundu.

Swali la kwanza: hatari na ajali, tofauti yake nini? La pili: mfanyakazi anakataa kuvaa casque, utafanya nini? La tatu ni la mkono. Tafuta jengo kubwa lenye watu wengi, uchore plan, ramani ya kuwatoa moto ukitokea. Nataka kuona milango yote, upana wake, inafunguka upande gani, watu wangapi wamo ndani na wanakaa sehemu gani, mishale ya kutokea, na mahali pa kukusanyikia nje. Mhandisi yule anaamini michoro kuliko maneno.

Barua inaletwa na mama Agathe, muuza vitenge, anayepanda ndege ndogo kuja kwenu karibu kila wiki. Juu ya bahasha nimeandika DOSSIER SÉCURITÉ, faili la usalama, kwa herufi kubwa, ili watu waiheshimu, wasiifungue hovyo.

Msalimie Estelle na watoto. Habari za Bunia tunazisikia, na mke wangu Claire anawataja kila akisali. Ukija kwa mahojiano, njoo na wote.

Muzee wako,
Katsuva


Bunia, Shari, tarehe 31 mwezi wa tatu 2003

Muzee wangu Katsuva,

Goti lipone, bic nyekundu ikauke! Nimesoma mara mbili kama ulivyoagiza. Estelle amesoma mara nne, kisha akafungua sanduku na kuanza kukunja nguo, kana kwamba ndege iko mlangoni inapiga honi.

Ukweli ni kwamba tunabanwa hapa. Tangu tulipokimbia Bambu tunakaa vyumba viwili kwa shangazi yake Estelle. Mtaa wetu umeshikwa na vijana wenye bunduki. Ni watu wa kwetu, wanasema lugha ya mama yangu, ndiyo sababu sisi tunapata usingizi. Wanaosema lugha nyingine hawaupati. Askari wa Uganda bado wako mjini, lakini kila mtu anajua wataondoka, na hakuna anayependa kuzungumzia siku itakayofuata.

Kwenda uwanja wa ndege kunahitaji karatasi ya hao vijana. Nilikwenda kuiomba kwenye ofisi yao, iliyokuwa duka la dawa zamani. Karani wao akaniuliza:

“Butembo unaenda kufanya nini?”

“Kutafuta kazi.”

“Kazi gani?”

“Ya sécurité.”

Akainua kichwa. “Sécurité ya nani?”

“Ya bafanyakazi,” nikamwambia. Akaandika kitu kwenye daftari, akasema nirudi siku nyingine. Nitarudi mpaka anichoke.

Sasa majibu. Hatari ni shimo lisilofunikwa. Ajali ni mtu aliye ndani yake. Kuhusu casque, unamkumbuka Assani, aliyeigeuza yake kuwa chombo cha kunyweshea kuku? Sikumpeleka kwa chef. Nilikwenda kwa mke wake, nikamwonyesha jiwe la ukubwa wa ngumi lililoanguka siku ile. Tangu siku hiyo mama yule alikuwa anamvalisha mwenyewe mlangoni na kumfunga kamba kidevuni. Nadhani mhandisi atapenda jibu hilo, hata bila kucheka.

Plan nimechora ya dépôt, ghala la zamani la kahawa lililo nyuma ya kanisa letu. Wakimbizi wamelala humo tangu mwezi wa kwanza, wale wa lugha nyingine. Anayewasimamia ni mwalimu Godelive, na ana orodha ya majina: watu 210. Nilipima pamoja naye. Mlango wa mbele una mita mbili na unasukumwa kwenda kushoto. Wa nyuma umefungwa kwa mnyororo na ufunguo ulipotea zamani. Nimemwambia Godelive atafute mtu wa kuukata. Watoto wanalala ukuta wa kaskazini, wazee karibu na mlango. Mishale ya kutokea nimeichora kwa rula. Mahali pa kukusanyikia ni pale wanapofyatulia matofali.

Nimefurahi kuchora, Muzee. Kwa saa tatu nilikuwa mtu mwenye kazi. Na mimi nimeandika DOSSIER SÉCURITÉ juu ya bahasha, kama wewe.

Mtoto wako wa kazi,
Fiacre


Butembo, tarehe 7 mwezi wa nne 2003

Fiacre,

Jibu la kwanza: zuri, ila mbele ya wale watu usiseme “shimo” tu. Pale kuna misumeno, kuna vumbi la mbao linaloshika moto, kuna magogo yanayoviringika. La pili: zuri sana. Nilimsomea Claire akacheka mpaka akamwaga chai.

La tatu: sifuri!

Plan iko wapi? Umeisifu nusu ukurasa, rula na mishale, halafu ndani ya bahasha hamna kitu. Nimeikung'uta, nimeichungulia juani. Mtu wa sécurité anayesahau karatasi juu ya meza leo, kesho atasahau mtu ndani ya moto. Na hiyo bahasha yenyewe! Imefungwa kwa ugali. Gundi imekwisha Bunia nzima? Mama Agathe anasema waliishika barrière, kwenye kizuizi cha barabarani, siku mbili, ndiyo maana imechelewa na kuchafuka. Hao vijana hawajui kwamba karatasi ya mtu si ya kushikashika.

Chora tena uitume upesi. Maswali mengine haya: la nne, mashine gani inazimwa kwanza umeme ukikatika ghafla? La tano, nani anayetakiwa kutoka wa mwisho katika jengo, na kwa nini? La sita, kwa nini unataka kazi hii? Hapo usiseme njaa. Kila mtu atasema njaa.

Karatasi yao umeipata?

Katsuva


Bunia, tarehe 12 mwezi wa nne 2003

Kwa Bwana Katsuva, Butembo

Ninakuandikia nikiwa na afya njema na akili timamu, katika ofisi ya wakubwa wangu wa kazi.

Ninapenda kukujulisha kwamba ile plan sikuisahau. Wakubwa waliiona na kuipenda. Kwa sababu ya ujuzi wangu, wamenipa kazi ya sécurité hapa hapa Bunia, na nimeanza. Familia yangu inatunzwa vizuri.

Kwa hiyo sitafika Butembo tarehe 12 mwezi wa tano. Maswali yako sina haja nayo tena. Tafadhali usitume tena bahasha zenye maandishi yale.

Ninawashukuru wakubwa kwa kuniruhusu kukuandikia.

Fiacre


Butembo, tarehe 18 mwezi wa nne 2003

Bwana Fiacre,

Kumbe nimekuwa “Bwana Katsuva.” Miaka sita nilikula nawe sahani moja, nikakufundisha kushika kalamu ya ripoti, leo mimi ni bwana.

Umepata kazi ya sécurité. Hongera. Najua sécurité ya huko siku hizi maana yake nini: kusimama barrière, kunyang'anya watu mafuta ya taa, kuwauliza akina mama jina la babu yao. Ungeniambia hivyo tu, nisingemsumbua mtu hapa. Wenye kiwanda sijawaambia bado. Sina uso wa kuwaambia. Mtoto niliyemsifia kwamba hawezi kuona msumari chini akaupita, amekwenda kuwashikia wauaji kiberiti.

Claire ananigombeza. Ameisoma barua yako akasema, “Huyu mutoto hakuandika hii kwa roho yake. Angalia mukono wake, aliandika kama mutu aliyesimamiwa.” Nimemwambia akina mama wanapenda kuwatetea wahuni. Lakini ameniambia nikuandikie tena, na nimekuandikia. Agathe atakupa ndani ya kitenge bila bahasha, maana bahasha umezikataa.

Kama Claire amesema kweli, sema. Kama sivyo, usiniandikie tena.

Katsuva


Bunia, tarehe 22 mwezi wa nne 2003

Muzee,

Mama Claire amesema kweli. Mshike mkono kwa niaba yangu.

Ninaandikia nyumbani, Estelle amekaa mlangoni anachambua maharage, akikohoa nitaficha. Agathe atashona karatasi hii ndani ya pindo la kitenge. Nisikilize vizuri.

Bahasha yangu ilisimamishwa barrière kwa sababu ya yale maneno mawili makubwa. DOSSIER SÉCURITÉ. Hapa, Muzee, mtu wa sécurité si wa gants na casque. Ni mtu wa kupeleleza na kukamata. Waliifungua wakaikuta plan. Siku ya pili wakaja watatu kunichukua. Nilijua ninakwenda kuuawa, na njia nzima nilikuwa natafuta neno la kueleza casque kwa lugha ya mama yangu. Sikulipata.

Kamanda wao alikuwa ametandaza mchoro wangu juu ya meza ya vidonge ya lile duka la dawa. Hakuwa na hasira. Hilo ndilo lililonitisha.

“Weye njo mutu wa sécurité?”

“Ndiyo, afande, lakini sécurité ya kazi. Ya kukinga batu na ajali.”

“Nani alikufundisha kuchora hivi?”

“Muzee wangu. Iko Butembo.”

“Ni mwanajeshi?”

“Hapana. Ni wa mugodi.”

Akacheka. “Siye tulituma batu batatu kuchungulia mule dépôt, hawakuleta hata nusu ya hii. Milango, iko. Hesabu ya batu, iko. Mahali batoto banalala, iko. Weye ni mutoto ya kwetu, na Mungu amekuleta.”

Nikamwambia plan ile ni ya kuwatoa watu. Akachukua kalamu yangu mwenyewe, ile iliyokuwa mfukoni mwangu, akaweka kichwa kingine kwenye kila mshale, upande wa ndani. Mstari ni ule ule, rula ni ile ile. Akanirudishia kalamu.

Tangu siku hiyo ninafika ofisini kwao asubuhi na kutoka jioni. Nimepewa meza. Wananiita Chef Sécurité. Vijana wananipisha njiani, na majirani wameacha kunisalimu. Barua ile ya Bwana Katsuva niliandika karani akiwa amesimama nyuma yangu.

Siku askari wa Uganda watakapoondoka, watakwenda dépôt. Kamanda ameniambia waziwazi, “Siku ile utatangulia weye. Weye unajua milango.” Nisipofika ofisini asubuhi moja tu, watakuja nyumbani kwangu. Nikiwaambia watu wa dépôt, na mmoja wao akaropoka, watoto wangu wamekwisha. Nikinyamaza, ni watoto wao, wale niliowachora mwenyewe kwenye ukuta wa kaskazini.

Ninaogopa, Muzee. Ninaogopa kuanzia asubuhi mpaka jioni, na jioni ninaogopa asubuhi. Ulinifundisha maswali yote, ila hili sijui kulijibu.

Fiacre


Butembo, tarehe 25 mwezi wa nne 2003

Mpendwa mwanafunzi,

Haya ni maswali ya mwisho ya mazoezi. Mtu yeyote akitaka kuyasoma, ayasome, ni ya kiwandani. Wewe yasome polepole.

Swali la saba. Délégué mzee alimpa kijana wake kazi ya kufanya, bila kufikiri kijana anaishi wapi. Akaandika na maneno ya kujivuna juu ya bahasha. Kijana akaingia hatarini. Halafu mzee huyo huyo akamwandikia matusi. Kosa ni la nani? Jibu: la mzee peke yake. Mwanafunzi atakayebishana na jibu hili amefeli. Mzee analia alipo.

Swali la nane. Kiwandani kuna mtambo wa mvuke utakaopasuka. Siku haijulikani, lakini ni karibu. Chef anajua na hataki uzimwe. Ndani kuna wafanyakazi 210. Nje kuna walinzi wa chef wanaotazama mlango. Agent wa sécurité afanye nini?

Jibu. Asipige kengele. Kengele inawarundika watu mlangoni, na inamwamsha chef. Amwambie mtu mmoja tu, yule anayeshika orodha ya majina, na mtu huyo awe na moyo wa kunyamaza. Mlango uliofungwa ufunguliwe kwanza, bila kelele. Kisha watu watoke wachache wachache, mchana, kila mmoja na kitu mikononi kama anayekwenda kufanya kazi yake ya kila siku. Mwenye mikono mitupu ndiye anayetazamwa. Wakitoka wasirudi, na wanaobaki wafanye mambo yote kama kawaida, moshi upae, sauti zisikike. Wapelekwe mahali penye bendera ambayo chef anaiogopa.

Familia ya agent itoke mapema, kwa sababu inayompendeza chef mwenyewe. Chef anayejivunia fundi wake ni rahisi kumpa sababu.

Na sehemu ya mwisho ya jibu, ambayo wanafunzi wengi wanaisahau: agent atoke pamoja na kundi la mwisho. Asibaki kutazama mtambo. Agent aliyebaki ndani ni ajali, naye ataandikwa kwenye ripoti kama wengine. Sehemu hii ina alama nyingi kuliko zote.

Mahojiano ni tarehe 12. Nimewaambia wenye kiwanda kwamba utafika.

Mwalimu wako


Bunia, tarehe 3 mwezi wa tano 2003

Muzee wangu,

Jibu lako la swali la nane ni zuri. Acha nikupe ripoti, maana nimechoka kuichora kichwani.

Nilimwambia Godelive peke yake, Jumapili, nje ya kanisa, nikijifanya namdai kitabu cha nyimbo. Hakupiga kelele. Alinitazama tu, akaniuliza, “Ni weye ulichora?” Nikasema ndiyo. Akasema, “Basi weye njo utatuambia tupite wapi.” Mpaka leo sijui kama amenisamehe, na sijamwuliza.

Mnyororo wa nyuma ulikatwa siku ya soko, wakati wa kelele za vinu. Tangu Jumanne watu wanatoka na madumu ya maji, kama ishirini asubuhi, kumi na tano mchana. Wanateremka mtoni, wanajaza maji kweli, halafu wanashika njia ya kambi ya Umoja wa Mataifa. Akina mama wengine wameweka nguo chafu kwenye beseni na mtoto chini ya nguo. Kuna mzee mmoja aliyekataa kutoka bila kiti chake. Amepita barrière amekibeba kichwani, akisema anakipeleka kwa seremala. Waliobaki wanawasha mafiga yote, hata yasiyo na chungu, na Godelive anaimbisha watoto wachache kwa sauti ya watoto wengi. Vijana wanaochungulia wanaona moshi, wanasikia nyimbo, wanarudi kusema dépôt imejaa. Nami nasema hivyo hivyo ofisini. Chef Sécurité akisema, wanaamini.

Leo jioni wamebaki thelathini na wanane. Wagonjwa na wazee wasiotembea upesi.

Estelle na watoto wanapanda ndege kesho na Agathe. Kamanda ametoa karatasi kwa mkono wake. Nilimwambia mke wangu anakwenda kwako kuleta vitabu vya sécurité, ili nichore vizuri zaidi. Alifurahi, akaniuliza kama vina picha.

Sasa sehemu ile yenye alama nyingi. Sitaifuata, Muzee. Nimepiga hesabu kila namna. Askari wa Uganda wamefunga mizigo, watu wanasema Jumanne. Wale thelathini na wanane wanahitaji siku tatu. Asubuhi nitakapokosekana kwenye meza yangu, vijana watakwenda dépôt saa ile ile, hawatangoja Jumanne wala Waganda. Kwa hiyo lazima nikae kwenye meza, nichonge kalamu, nisalimiwe. Mpaka Godelive anyamazishe nyimbo.

Estelle hajui. Nimemwambia kuna kiti changu kwenye ndege ya Jumatano. Nimemwambia amwombe mama Claire anipigie shati pasi, lile la mikono mirefu, kwa ajili ya mahojiano. Alipolikunja kwenye sanduku alikuwa anaimba. Usimwambie mpaka lazima.

Lile swali la sita sikukujibu, kwa nini ninataka kazi hii. Kule mgodini, jioni, tulipokuwa tunahesabu watu wanaopanda kutoka chini, nilikuwa napenda hesabu ikitimia. Hakuna kitu kingine nilichokipenda hivyo. Waambie hivyo kama watauliza.

Ninataka kuja. Andika hilo kwa bic yoyote unayotaka. Ninataka sana kuja.

Fiacre


Butembo, tarehe 20 mwezi wa tano 2003

Fiacre mwanangu,

Estelle na watoto walifika. Wanalala chumba cha nyuma, na mdogo ameshajua njia ya kwenda kwa Claire kuomba sukari.

Jumatano Estelle alikwenda uwanja wa ndege na kukaa mpaka jioni. Ndege haikuja. Alhamisi akarudi tena, na Ijumaa. Siku hiyo ya Ijumaa nilimpa barua yako aisome, sikuweza tena kumtazama akivaa viatu. Hakulia mbele yangu. Aliuliza tu, “Muzee, hesabu ilitimia?” Nikamwambia sijui.

Sasa ninajua. Jumapili iliyopita alifika hapa muuguzi mmoja aliyetoka kambi ya Umoja wa Mataifa, ameonana na Godelive. Orodha yake ina alama kwenye kila jina. Kikundi cha mwisho kilipita mlango wa nyuma Jumanne asubuhi, wazee wakiwa wamebebwa mgongoni. Mchana wake watu wa kamanda walikwenda dépôt. Wewe ulikuwa mbele, watu walikuona. Waliikuta tupu, mafiga yanawaka. Wakaichoma. Zaidi ya hapo muuguzi hana habari. Hakuna aliyekuona baada ya hapo, na hakuna aliyeona maiti yako. Nimemwuliza mara tatu, mpaka Claire akanivuta mkono.

Tarehe 12 nilikwenda kiwandani mwenyewe. Nilivaa tai. Wale watatu wakauliza mgombea yuko wapi, nikasema yuko njiani, na nimekuja na majibu yake. Waliguna, lakini wakaniacha nisome. Nikasoma ya casque na kuku. Wawili walicheka. Mhandisi hakucheka. Aliuliza swali ambalo sikuwahi kukutayarisha nalo: “Mtu huyu amewahi kusimamisha kazi ya wakubwa wake, kwa sababu aliona hatari?”

Nikamsomea barua yako ya tarehe 3, yote. Nilipofika kwenye yule mzee na kiti chake, nilirudia mstari ule ule mara mbili, na mhandisi akaichukua karatasi akamalizia kusoma mwenyewe, polepole. Kisha akavua miwani.

Kazi ni yako. Unaanza Jumatatu, tarehe mbili mwezi wa sita. Jina lako limeandikwa kwenye daftari la wafanyakazi, nimeliona kwa macho yangu, namba arobaini na moja. Asubuhi wanaita majina getini. Nimemwomba mwitaji aliite na lako kila siku, na asiliruke hata kama hakuna anayeitika. Amekubali.

Ndege hazishuki tena Bunia, na Agathe amerudi kuuza vitenge hapa hapa sokoni. Barua hii haina wa kuibeba. Estelle amesema niiandike hata hivyo. Njoo uichukue mwenyewe.

Katsuva